Shangazi, mkanda wangu umefika tundu la mwisho

Shikamoo Shangazi,

Nina miaka 43, nina mke na watoto watatu. Siumwi. Mwezi uliopita nilipima sukari na presha, daktari akasema vyote viko sawa, ila wakati naondoka akanitazama tumboni akasema, "Hapo punguza kidogo." Hakusema nipunguzeje, nami sikuuliza. Foleni nje ilikuwa ndefu, na aibu ilishanishika.

Kilichonifanya nikuandikie ni mkanda. Nina mkanda wa ngozi nilionunua mwaka nilioanza kazi, nikiwa na miaka 29. Una matundu matano. Juzi alfajiri naharakisha kuvaa, nikaufunga kwenye tundu la nne kama kawaida, pumzi ikakata. Nikahamia la tano, ambalo ndilo la mwisho. Badala ya kutoka nikauvua, nikakaa kitandani nikautazama. Kila tundu lina alama yake, ngozi imekunjika na rangi imechubuka pale chuma kilipokuwa kinakaa. La kwanza, nilikuwa bado nacheza mpira kila Jumamosi. La pili, amezaliwa mtoto wa kwanza. La tatu, nimepanda cheo na kuhamia kazi ya mezani. Miaka 14 yote imeandikwa pale na mimi sikuwahi kuisoma.

Mwaka ule nilikuwa na kilo 68. Sasa nina 80, na urefu wangu ni sentimita 172.

Shangazi, sioni nilipokosea. Sinywi pombe. Mezani sili kuliko wenzangu. Asubuhi chai, mchana chakula cha kazini na soda moja ya kunifungua macho, maana usingizi wa mchana unanisumbua sana. Usiku tunakula saa 3, mke wangu anawalaza watoto, mimi naosha vyombo, kisha nakaa na televisheni au simu mpaka saa 7 hivi. Huo ndio muda pekee ambao hakuna mtu ananiita. Saa 11 na nusu naamka.

Mke wangu anasema ni umri tu, wanaume wote wa rika langu wako hivyo. Lakini kaka yangu mkubwa alianza hivihivi, leo ana miaka 52 na anashuka ngazi kwa kushika ukuta, magoti hayambebi tena. Kazini wananiita "bosi kitambi". Nacheka nao, ila nikifika nyumbani sicheki.

Nimejaribu kupungua mara tatu. Mara ya mwisho niliacha wanga wote na chakula cha usiku kwa wiki 6, nikashusha kilo 5. Kabla mwaka haujaisha zilirudi 7. Sitaki tena mateso yale. Kwa sasa hata kupungua siombi. Naomba tu nisiongezeke, tundu hili la tano liwe la mwisho kweli. Inawezekana, au mwili ukishapita 40 unajiamulia wenyewe?

Baba wa Watatu

*

Marahaba, mwanangu.

Inawezekana. Na ombi lako si dogo kama unavyolidhani. Niliuguza watu miaka mingi kabla ya kushika safu hii, na wengi waliokuja kwa habari ya uzito walitaka kushusha kilo 20 kwa mpigo. Wachache mno walikuja kuniambia, "Nisaidie nibaki hapa nilipo." Hao wachache ndio waliokuwa na kazi nyepesi, kwa sababu walikuja mapema.

Tuanze na hesabu, maana naona unajilaumu. Kilo 12 kwa miaka 14 hazifiki hata kilo 1 kwa mwaka. Zigawe kwa miezi, unapata gramu 71 hivi kila mwezi, uzito wa yai moja kubwa. Glasi ya maji uliyokunywa asubuhi inazidi hapo mara tatu. Mzani wa nyumbani hauwezi kukuonyesha gramu 71, kioo hakiwezi, na mkeo anayekuona kila siku hawezi. Unatafuta siku uliyokosea na siku hiyo haipo. Kilichokuwepo ni mazoea madogo yaliyokaa nawe miaka 14 bila mtu kuyauliza yanafanya nini.

Kuhusu umri, mkeo hakudanganyi, ila umri unabebeshwa mzigo usio wake. Mwaka 2021 watafiti walikusanya vipimo vya watu zaidi ya 6,400 kutoka nchi 29, kuanzia watoto wachanga mpaka wazee wa miaka 95, wakaangalia mwili unatumia nguvu kiasi gani kwa siku. Ukishazingatia ukubwa wa mwili na misuli, kati ya miaka 20 na 60 matumizi yale hayabadiliki kiasi cha kusemwa. Moto wa ndani unawaka vilevile. Kilichobadilika ni maisha yanayouzunguka. Mpira wa Jumamosi ulikwisha, ukapewa kiti, wakaja watoto, usingizi ukakatwa, na misuli isiyotumika ikaanza kupungua. Hayo hutokea katika miaka ileile, ndiyo maana watu huyaita umri. Tofauti yake ni kwamba umri huwezi kuugusa, haya unaweza.

Sasa nikupeleke kwenye sinki.

Umeniandikia kwamba mezani huli kuliko wenzako, na nakuamini. Lakini mistari miwili chini umeniambia wewe ndiye unayeosha vyombo. Nina watoto wanne, wote wakubwa sasa, na nimesimama kwenye sinki hiyo miaka mingi. Niambie ukweli: ile nusu ya kipande cha mkate aliyoacha mdogo, vile vijiko viwili vya wali vilivyobaki pembeni ya sahani, kile kiazi kilichoumwa mara moja, vinaenda wapi? Kwangu vilikuwa vinaingia mdomoni, nikiwa nimesimama, mkono mmoja una sabuni. Nilikuwa siviiti chakula. Ningeulizwa nimekula nini usiku ule, ningetaja sahani yangu tu, na ningeapa. Huku kudokoa ndiko wazee walikotazama waliposema chovya chovya humaliza buyu la asali. Buyu linakwisha na kila mtu anasema yeye alichovya kidole tu.

Ulaji wa namna hii sipambani nao kwa kujikaza, kwa sababu saa 3 na nusu usiku hakuna mtu mwenye nguvu za kujikaza. Napambana nao kwa chombo chenye mfuniko. Kabla ya kufungua bomba, masazo yote yanaingia humo na chombo kinaingia kwenye friji. Watoto nao wapakuliwe kidogo, wakiomba waongezwe. Mtoto anayeomba mara ya pili hajaonewa, na sahani yake inarudi tupu.

Soda ya mchana nitaisema kwa ufupi kwa sababu unajua. Kopo la mililita 330 la soda ya kawaida lina gramu 35 hivi za sukari, karibu vijiko 9 vya chai. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari za kuongezwa zisizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ingekuwa bora zaidi zisifike asilimia 5, yaani kama gramu 25 kwa mtu mzima. Kopo moja limeshapita hapo kabla hatujahesabu chai. Tena sukari ya kunywa haishibishi. Ukishaimaliza unakula chakula chako kilekile kama vile hukunywa kitu. Juisi nayo usiifanye kimbilio. Kula tunda lenyewe, unywe maji.

Ila mwanangu, soda yako haikuanzia kwenye soda. Umesema unainywa ikufungue macho. Macho yanafumba kwa sababu umelala kwa muda wa saa 4 na nusu tu. Mtu mzima anahitaji saa 7 au zaidi. Hapa ndipo ninapotaka ukae na barua hii kidogo, kwa sababu nadhani hapa ndipo gramu zako 71 zinapotoka zaidi ya sehemu nyingine yoyote.

Mwaka 2022 yalichapishwa matokeo ya jaribio la watu wazima 80 wenye uzito uliozidi, waliozoea kulala chini ya saa 6 na nusu. Baadhi yao walisaidiwa kupanga usiku wao wakaongeza usingizi kwa zaidi ya saa 1 hivi. Hawakuambiwa wale nini wala waache nini. Wenyewe tu wakajikuta wanakula pungufu ya kalori 270 kwa siku, ukiwalinganisha na wenzao. Hiyo ni zaidi ya kopo lako la soda, na hakuna aliyejinyima.

Nimeyaona mwilini mwangu. Nilipokuwa zamu za usiku, ikifika saa 9 nilikuwa nasikia njaa ya kutetemesha mikono, natafuta mkate, biskuti, chochote kitamu. Niliamini ni njaa. Zamu zilipobadilika nikarudi kulala usiku, njaa ile ilipotea ndani ya wiki chache, na nikaelewa kwamba mwili ulikuwa unaomba kulala, mimi nikiujibu kwa biskuti.

Na najua kwa nini hulali. Umeliandika wewe mwenyewe, muda pekee ambao hakuna mtu anakuita. Sitakuambia uuache, mtu anahitaji saa yake. Nakuomba uihamishe. Kaa na mkeo, mwambie ulichoniambia mimi, mgawane: Jumamosi asubuhi saa mbili nzima ziwe zako, mtu yeyote asikuite baba, na yeye achague zake. Rudi uwanjani. Ukiona magoti hayaendani na vijana, tembea haraka na rafiki mliyekuwa mnacheza naye. Televisheni ya usiku ilichukua nafasi ya mpira, basi mpira uirudishe nafasi yake. Kitandani usiruke kutoka saa 7 mpaka saa 4 kwa siku moja, utalala unatazama dari. Wiki hii saa 6 na nusu, ijayo saa 6, mpaka ufike saa 4 na nusu. Simu ichajiwe chumba kingine.

Mazoezi, kwa mtu anayetaka asiongezeke, ni rafiki mzuri kuliko yalivyo kwa mtu anayetaka kupungua haraka. Kiwango kinachoshauriwa ni dakika 150 mpaka 300 kwa wiki za mwendo unaokupandisha pumzi, pamoja na siku 2 za kuipa misuli kazi: kuchuchumaa, kusukuma ukuta au sakafu, kubeba kitu kizito. Jumamosi yako inakupa sehemu. Zilizobaki zitoe mchana, dakika 20 za kutembea baada ya kula kabla hujarudi kwenye kiti. Kiti chenyewe usikikalie saa 3 mfululizo.

Kwenye chakula sikupi orodha ya vya kuacha. Orodha uliyojipa mwaka ule ilikurudishia kilo 7, na sioni kwa nini tuijaribu tena. Nakupa jambo moja la kuangalia. Mwaka 2019 watafiti nchini Marekani waliwaweka watu 20 mahali pamoja kwa wiki 4. Wiki 2 walikula vyakula vya viwandani vilivyosindikwa sana, wiki 2 nyingine vyakula vilivyopikwa kutoka mwanzo. Sukari, mafuta na nyuzinyuzi katika milo waliyowekewa vililinganishwa, na kila mtu aliruhusiwa kula mpaka atosheke. Kwenye vile vya viwandani walikula zaidi kwa kalori 500 hivi kila siku wakaongezeka karibu kilo 1. Kwenye vya kupikwa wakapungua kiasi hichohicho. Walikuwa pia wanakula haraka zaidi. Kwa hiyo chakula cha mchana kiwe ulichobeba au kilichopikwa, chenye mboga nyingi, chenye maharage au yai au samaki, kitu cha kutafuna. Kula umekaa, kwenye sahani. Usile kutoka kwenye pakiti, kwa sababu pakiti haikuambii imefika nusu.

Narudi kwenye mkanda, kwa sababu mkanda wako ni kipimo kizuri kuliko unavyojua. Kiuno cha mtu mzima kinatakiwa kiwe chini ya nusu ya urefu wake. Wewe una sentimita 172, kwa hiyo mstari wako ni 86. Pima leo kwa futi ya fundi cherehani, usawa wa katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, ukitoa pumzi bila kuvuta tumbo ndani. Andika. Ukiwa juu ya 86, na nadhani uko juu, usishtuke; tunachotafuta mwaka huu ni namba isipande. Kisha uniahidi mawili: hutatoboa tundu la sita, na hutanunua suruali kubwa zaidi kimya kimya. Nguo inayonyoosha ndiyo iliyowaficha wengi.

Mzani nao upande mara moja kwa wiki, siku ileile, asubuhi, kabla ya kula. Kulikuwa na jaribio la vijana wapatao 600 wa miaka 18 mpaka 35, waliofuatiliwa kwa karibu miaka 3. Waliofundishwa kujipima mara kwa mara na kurekebisha mapema walijizuia kuongezeka kuliko walioachwa wajitegemee. Namba ya wiki moja usiisikilize, maji na chumvi huipandisha na kuishusha. Ikipita kilo 82 na kukaa hapo wiki 2 mfululizo, hapo uliza: chombo chenye mfuniko kiko wapi, ninalala saa ngapi? Kurekebisha kilo 2 ni kazi ya miezi michache. Kaka yako angetoa nini apewe nafasi ya kurekebisha kilo 2? Lakini ukiona mzani unakuharibia siku nzima au unakufanya ujishindishe njaa, uuache, mkanda unatosha.

Zitakuja siku utavuruga. Msiba, sherehe, wiki mbaya kazini, utajikuta kwenye sinki unatafuna. Wengi husema "basi nimeshaharibu" na kuachia mpaka mwaka ujao. Watafiti wa London waliwafuatilia watu 96 waliokuwa wanajijengea zoea jipya, wakachapisha matokeo mwaka 2010. Wastani ulikuwa siku 66 kabla zoea halijajiendesha lenyewe. Kuna waliotumia siku 18, na kuna ambao makadirio yao yalifika siku 254. Kukosa siku moja hakukuwarudisha nyuma. Mlo unaofuata uwe wa kawaida, bila adhabu na bila kufidia.

Na hao wanaokuita bosi kitambi, waambie wakome. Kuchekwa mwili hakumfanyi mtu ale kidogo, wengi hula zaidi wakiwa peke yao. Waambie kwa utulivu, mara moja: "Jina hilo silipendi."

Kwa daktari urudi, na foleni uiache ikae. Muulize magoti ya kaka yako yasaidiweje, na umwambie kuhusu usingizi wako wa mchana. Muulize mkeo kama unakoroma au unakata pumzi usingizini, kwa sababu hiyo ina matibabu yake. Ukiona uzito unapanda ghafla, miguu inavimba, kiu haikatiki au uchovu hauishi hata ukilala, nenda upesi. Na kama siku moja utapewa dawa halafu mwili ukaongezeka, zipo zinazofanya hivyo, baadhi ya steroidi na baadhi ya dawa za kifafa na za magonjwa ya akili, usiiache mwenyewe, mwulize aliyekuandikia.

Usianze yote kwa pamoja. Usiku wa leo anza na chombo chenye mfuniko, na uzime televisheni nusu saa mapema. Soda iguse wiki ya tatu, usingizi utakuwa umeshakusaidia. Miezi mitatu ikipita niandikie, uniambie kiuno ni sentimita ngapi na mkanda umeufunga tundu la ngapi. Mwambie na kaka yako aniandikie.

Shangazi